Kompyuta Iliyokuwa Bubu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukishaitikia marahaba, tafuta mahali utulie, ukae karibu na dirisha kama macho bado yanakusumbua wakati wa kusoma. Natumaini uko salama, shemeji hajambo, na wale wanangu wawili wameshapona surua na kurudi shule. Sisi huku wote wazima. Kaka ana afya mpaka imezidi, wifi yetu ana nguvu na mdomo wake uleule, na mimi nimenenepa kidogo, habari ambayo leo unaipata kwangu mwenyewe na si kwa mtu mwingine.

Hiyo sentensi ya mwisho irudie. Barua hii nimeiandika mimi. Vidole ni vyangu, maneno ni yangu, na makosa ya uchapaji ukiyaona ni yangu pia, nayaonea fahari. Hakuna mtu aliyekaa mezani na kalamu akisubiri nitamke. Niko peke yangu chumbani, mlango nimeurudisha, hedifoni ziko masikioni, na kila neno ninaloliandika kompyuta inanisomea polepole. Ni Jumapili alasiri. Wifi yuko nje anaanua nguo, anadhani nasikiliza redio.

Unazikumbuka barua zangu za nyuma. Mimi nisiyeona hutamka, wifi huandika. Mungu amzidishie, hajawahi kunikatalia hata akiwa hoi kwa uchovu. Lakini wewe mwenyewe ulishagundua kwamba kalamu ya wifi ina akili zake. Nikisema niko salama, anaandika niko salama ila nimekonda. Nikisema kazi inaendelea, anaongeza kwamba kazi inaendelea lakini viatu vyangu vimekwisha soli. Ile barua iliyokufanya upige simu unalia, ukidhani nateswa nyumbani, nilikuja kujua baadaye kwamba siku ile wifi na kaka walikuwa wamenuniana, na huzuni yote uliyoisoma ilikuwa yake. Mimi nilikuwa nimetamka habari za mvua.

Utauliza simu ina kazi gani. Nyumba hii simu yangu ikilia ni ya wote. Wifi huiweka kwenye spika ili naye asalimie, watoto wa kaka wanaimba nyimbo za shule, kaka anatoa maoni kutoka bafuni. Kazini nako unakujua. Wananiletea mikutano iliyorekodiwa, naisikiliza, naichapa kutwa nzima, lakini printa iko masijala, na karani wa masijala kila karatasi inayotoka huisoma kwa sauti, eti anamtafuta mwenyewe. Barua pepe ya ofisi ni moja, tunaichangia kama birika la chai.

Na mimi, Dada, nina jambo. Nimelibeba kwa muda sasa. Ni jambo la kukuambia wewe kwanza, kabla ya kaka, kabla ya mtu yeyote, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea tangu mama atutoke, na niliapa halitapita kwenye kalamu ya mtu. Nikilipitisha kwa wifi, bahasha haijafungwa mtaa mzima utakuwa umeshanipa pole au hongera. Nitalifikia. Usiruke ukaenda kusoma mwisho, nakujua tabia yako. Kwanza nikusimulie nilivyopata mdomo wa kulisemea.

Nilinunua kompyuta yangu mwenyewe. Ni mtumba, ndogo, ya kupakata, nimeipata kwa fundi mmoja mwenye kibanda nyuma ya posta. Niliipapasa pande zote, nikazijaribu bawaba, nikabonyeza herufi moja moja, nikaridhika. Fundi aliniuliza neno la siri nitakalotumia kuifungulia, nikamnong'oneza sikioni, akaliweka. Aliniambia pia kwamba ameutoa ule mfumo uliozoeleka, kwa sababu mashine imezeeka na usingebebeka, akaweka mfumo mwingine ulio mwepesi na wa bure. Nikaitikia sawa, sawa. Kwangu kompyuta ni kompyuta, nilidhani tofauti ni kama ya rangi, jambo ambalo halinihusu.

Basi nikafika nyumbani roho juu, nikafunga mlango, nikaiwasha. Kazini, kama nilivyowahi kukueleza, kuna programu inayonisomea kila kilichoko kwenye kioo, na vitufe vyake navijua kuliko ninavyojua vifungo vya blauzi yangu. Nikabonyeza vitufe vile. Kimya. Nikabonyeza tena kwa adabu. Kimya. Nikabonyeza bila adabu. Kompyuta ilikuwa inapumua tu kwa ile feni yake ndogo ya ndani, haina neno. Bila ile sauti, Dada, kompyuta kwangu ni sinia lenye vitufe. Nilikaa nayo mapajani nikajisikia mjinga, na nakiri machozi yalinilenga.

Hapo ikabidi nimwite wifi. Kichekesho chenyewe ndicho hicho, ili niachane na macho ya wifi ilinibidi kwanza niyaazime. Nilimwambia nataka kompyuta initumikie kwa kazi na kusikiliza vitabu. Sikumdanganya, nilipunguza tu. Alifurahi kupita kiasi, akaacha vyombo kwenye beseni, akaja amejifuta mikono kwenye kanga, akaketi mbele yangu kama rubani.

Tulifanya kama watu wote wanavyofanya kwenye mfumo ule wa kazini. Wifi akaingia kwenye intaneti, akautafuta ukurasa wa programu yangu ya kusoma, akapakua, akabofya mara mbili. Haikufunguka. Kompyuta ikaandika kitu kwamba haijui hilo faili lifunguliwe kwa kutumia nini. Wifi akasema huenda halikushuka lote, akalipakua upya. Hola. Akalipakua kutoka ukurasa mwingine, halafu mwingine. Kaka aliporudi akasema wanawake hatuna subira na mitambo, akakaa yeye, akalipakua tena. Wifi alipokuja kunisomea mafaili yaliyokuwamo, lilikuwa jina lilelile limejipanga kutoka juu hadi chini, la kwanza, la pili, la tatu, kama darasa ambalo watoto wote wamepewa jina la babu mmoja. Mfumo ule wa kazini ungekuwa umeshasakinisha programu ya kutosha kijiji kizima. Huu wetu uliyaangalia tu.

Kaka akatoa hukumu kwamba nimeula wa chuya, niirudishe kompyuta kwa mwenyewe. Wifi naye akaniambia kwa upole nisijali, kama ni barua kwa dada yeye yupo, ataniandikia hata kila wiki. Wangejua nilichokuwa nacho kifuani wangeelewa kwa nini nilikosa hamu ya chakula.

Jumamosi iliyofuata nikampigia fundi. Nilipomweleza tulivyopakua, alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Akanieleza kwamba mafaili yale yote yametengenezwa kwa ajili ya mfumo ule mwingine, na huu hauyajui hata kwa sura. Kwenye mfumo huu, akasema, watu hawatembei huku na huko kuokota programu barabarani. Kuna ghala moja la programu zilizokwisha kukaguliwa, wewe unataja jina unalolitaka, kompyuta inakwenda yenyewe kulichukua na kulipanga mahali pake. Na hiyo ya kunisomea, akaongeza, wala haihitaji kuchukuliwa. Imo ndani tangu siku aliyoniuzia, imelala. Nishike vitufe vitatu kwa pamoja itaamka.

Nilivishika. Na kompyuta ikasema.

Sijui nikueleze vipi. Nilicheka, wifi akacheka, watoto wakaja mbio. Lakini furaha yetu ilikuwa na kasoro, maana sauti yenyewe ilikuwa ya kigeni na haikujua Kiswahili hata chembe. Tulipoifungulia ukurasa wa habari, ilisoma kama mtu aliyekwama na mfupa wa samaki, anakohoa silabi, anaziacha nyingine njiani. Neno "wananchi" lilitoka limevunjika mguu. Watoto walilala chini kwa kicheko. Mimi nikawaza ningekuandikiaje jambo langu huku sauti ya namna ile ikinirudishia. Ningeweza kukuandikia nimefurahi, ikanisomea kitu kama jina la dawa.

Fundi alikuwa bado yuko kwenye simu. Akasema sauti ya Kiswahili ipo kule ghalani, tuifuate. Akamwelekeza wifi afungue dirisha moja jeusi, la kuandika amri tupu bila picha wala mapambo, aandike mstari atakaomtajia, abonyeze kitufe kikubwa cha kulia. Kompyuta itauliza neno la siri, aliandike, basi, imekwisha. Hapo hapo tukasikia mteja anabisha kibandani kwake kwa hasira, na fundi akasema lililobaki ni dogo, tumalizie wenyewe. Akakata.

Wifi aliandika ule mstari vizuri, akinisomea herufi kwa herufi. Kompyuta ikauliza neno la siri. Wifi akaniuliza mimi. Nikalitaja, shingo upande, nikijua kesho yake nitalibadilisha. Akaanza kuliandika, akasita. Akasema haliandikiki. Akabonyeza tena. Akasema kialama kile kinapepesa tu mahali pamoja, hakuna herufi inayotokea, hata zile nyota zinazoficha maneno ya siri hazipo. Akaanza upya, kwa nguvu zaidi, nikasikia kibodi inalia. Kisha akabonyeza kitufe kikubwa, na kompyuta ikamjibu kwamba amekosea, ajaribu tena. Akajaribu tena, ikamjibu vilevile. Akajaribu tena, ikamkatia.

Wifi akatangaza kwamba kibodi imekufa. Kaka akaitwa. Kaka ana vidole vya kufungulia nati, akabonyeza kama anayetaka herufi zitokee upande wa pili wa meza. Wapi. Akaandika ule mstari wa kwanza, ukatokea bila shida, ikafika kwenye neno la siri, ikanyamaza. Akasema basi ni kibodi yenye maradhi ya kuja na kuondoka. Akatumwa mtoto kwa jirani yetu mwalimu wa hesabu, naye akaja na kibodi yake ya kuchomeka, mpya, bado ina plastiki. Wakaichomeka. Mambo yakawa yaleyale. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema hajawahi kuona kibodi mbili zikiugua ugonjwa mmoja kwa saa moja. Mjadala ukawa mkubwa. Kaka alisema ni nyaya, mwalimu akasema ni unyevu, wifi akasema fundi ametuwekea mfumo wenye kinyongo.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kitandani, nimekata tamaa, nasikiliza. Ndipo nikaona jambo ambalo wao wenye macho hawakuliona. Kila mara kompyuta ilikuwa inawaambia wamekosea. Sasa mtu atasemaje umekosea kama hajasikia chochote? Ilikuwa inasikia. Ilikuwa inapokea kila herufi, ila haikutaka kuonyesha, siri yenyewe ndiyo hiyo. Na wao kwa kutoona kitu walikuwa wanaandika neno mara mbili, mara tatu kwa mfululizo, wanafuta nusu, wanaongeza, kisha wanaipelekea ugali uliochanganyika na kokoto.

Nikawaambia wanipishe. Kaka akasema nisichoke bure. Nikamkumbusha kwamba mimi maisha yangu yote naandika bila kuona herufi ikitokea. Kuchapa nilijifunza kwenye taipureta, chombo ambacho hakikuwahi kuniambia lolote. Unaweka kidole mahali pake, unabonyeza, unaamini. Nikaliandika neno langu mara moja, taratibu, kila herufi nikiisikia inashuka na kupanda chini ya kidole. Wifi akaanza kunong'ona kwamba hakuna kilichotokea, unaona, hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe kikubwa.

Wifi akapiga yowe. Mistari ilikuwa inateremka kwenye lile dirisha jeusi bila kusimama, na yeye akaanza kunisomea kama anayetangaza mpira, inachukua, inafungua, inapanga, imefika nusu, imepita nusu. Kaka akasema yeye alijua tangu mwanzo si kibodi. Mwalimu akaondoka na kibodi yake amejifunza kitu, akaniambia mlangoni kwamba Jumatatu atawasimulia wanafunzi wake.

Basi tukaichagua ile sauti, na kompyuta yangu ikasema kwa Kiswahili. Usifikirie ni sauti ya mtangazaji. Ni ya mwanamume mwenye mafua ya kudumu, anayesoma kama amechelewa gari, hapumui kwenye koma. Watoto walimpa jina papo hapo, Bwana Mafua, na ndilo analoitwa hata na kaka. Lakini "wananchi" alilitamka zima, na jina langu akalitamka zima, nami nilihisi kama mtu aliyepewa funguo za nyumba yake.

Katika kelele zile nikagundua wifi amenyamaza, na wifi kunyamaza si kawaida. Nikamtafuta kwa mkono, nikakuta shavu limelowa. Aliniambia amefurahi sana kwa ajili yangu, kisha kwa sauti ndogo akauliza kwamba sasa yeye habari za dada atakuwa anazijuaje. Dada, sikuwa nimefikiria. Miaka yote nilihesabu kuwa ananisaidia mimi, kumbe zile barua zilikuwa zake pia. Hana dada wa kumwandikia, wewe ulikuwa wake kupitia mimi, na viatu vyangu vilivyokwisha soli vilikuwa njia yake ya kuzungumza nawe. Nilimkumbatia, nikamwahidi kwamba kila nitakapokuandikia nitamwachia nafasi chini aweke ya kwake, bila kutia chumvi kwenye ya kwangu. Ameshapanga kukuandikia juu ya kuku wake. Barua hii tu ndiyo atakayoikosa, na utaelewa kwa nini. Tafadhali mjibu, tena umjibu kwa kirefu.

Tangu siku ile najifunza. Vidole vyangu vina mazoea ya kazini, na kitufe ambacho kule kinarudi nyuma huku kinafunga kila kitu. Salamu za barua hii nimeziandika mara kadhaa, maana mara mbili nilizifuta mwenyewe na mara moja sijui zilikwenda wapi, ukizipata niambie. Nikitaka programu siku hizi sipakui ovyo, nafungua dirisha jeusi, nataja jina, naandika neno langu la siri gizani, nalo linapokewa. Neno nimeshalibadilisha. Wifi amelikisia mara kadhaa na bado hajalipata.

Sasa jambo lenyewe. Kama uliruka mwanzo ukaja hapa moja kwa moja, rudi juu, umeninyima haki yangu.

Katika kazi yangu ninachapa vikao vya lile baraza la kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja. Vikao vile vina watu wengi, wanakatizana, wanapiga meza, kila mmoja ana babu aliyepanda mti fulani mahali fulani. Kati yao kuna mpima ardhi mmoja. Huyu huongea kidogo, na akiongea humaliza sentensi zake. Nilimjua kwa masikio kwa miezi mingi kabla hajajua kama kuna mtu kama mimi duniani. Siku moja, katikati ya kikao, mvua kubwa ikashuka juu ya bati. Wenzake wakaendelea kupayuka. Yeye nikamsikia anamwomba mwenyekiti wasimame kwanza, kwa sababu kuna mtu atakuja kuyasikiliza haya ili ayachape, na kwa mvua hii atapata tabu. Wakasimama. Nilisikiliza mvua tupu kwa muda mrefu, nimeshikilia hedifoni kwa mikono yote miwili. Nimechapa mikutano ya watu wenye vyeo, Dada, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukumbuka kwamba upande wa pili nipo.

Baadaye alikuja ofisini kusahihisha vipimo vya kiwanja kimoja. Aliposema samahani mlangoni tu, nikamwambia karibu, na pole kwa yale mafua uliyokuwa nayo kwenye kikao cha mwezi uliopita. Alishangaa, halafu akacheka, na kicheko sikuwa nakijua, kwenye mipaka ya viwanja hawacheki. Tangu hapo vipimo vyake vimekuwa vikihitaji kusahihishwa mara kwa mara. Ananisindikiza mpaka kituoni, ananipa kiwiko nishike mimi, hanikokoti kama mzigo. Alifiwa na mke, hana mtoto, mama yake yu hai na ameshaniletea maembe.

Mwisho wa kikao kimoja mwenyekiti alifunga shughuli, nikasikia viti vinaburutwa, sauti zinapungua, mlango unafungwa. Mashine ya kurekodi haikuzimwa. Kisha nikasikia sauti yake, karibu kabisa na kipaza sauti, anasema, "Mwandishi, hili usiliandike." Vidole vyangu vina nidhamu, vilikuwa vimeshaliandika. Akaendelea kusema kwamba amejaribu kuniambia ana kwa ana akashindwa, na kwa kuwa mimi namsikia vizuri zaidi nikiwa kazini, ananiuliza hapa, kama ningeridhia tuoane. Karani wa masijala alikuwa anapita nyuma ya kiti changu anatafuna karanga. Nilijifanya napiga chafya.

Hapo ndipo kosa langu la kikazi, na wewe ndiye wa kwanza kulisikia. Kanuni yetu ni kuchapa kila kilichosemwa. Mimi nilirudi nyuma herufi kwa herufi, nikafuta, na kumbukumbu za kikao kile zinaishia mwenyekiti alipowatakia wajumbe safari njema. Rekodi yenyewe ninayo. Naisikiliza mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Alipokuja kesho yake, kasimama mlangoni hata samahani hawezi kuisema, nilimwambia sitafungua kinywa mpaka nimwambie dada yangu kwa maneno yangu mwenyewe, kisha nikainunua kompyuta, nayo ikawa bubu. Akajitolea kuniandikia barua hiyo yeye. Nikamwambia hiyo ni sawa na kumpa mshitakiwa aandike hukumu. Basi kila akija, baada ya salamu, swali lake lilikuwa moja tu, kama imesema. Wenzangu ofisini walidhani anazungumzia mashine ya vipimo.

Kwa hiyo nakuomba baraka zako, Dada. Ukiridhia, tutamwambia kaka kwa utaratibu unaostahili, na wifi nitamwambia siku hiyo hiyo asubuhi, ili awe na mchana mzima wa kulitangaza. Nijibu kwa barua pepe hii hii, kwenye anwani hii, ni yangu peke yangu. Andika lolote utakalo, hakuna atakayelisoma ila mimi na Bwana Mafua, naye hana pa kulipeleka.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote, mwambie ule mguu auweke juu akikaa. Wanangu wabusu, mmoja mmoja, wasigombanie. Wasalimie majirani zako wote wanaonikumbuka, na yule mwenye cherehani mwambie gauni lake bado nalivaa, ingawa kiunoni limeanza kunisema.

Kuna kitu nimekuambatanishia. Ni picha yake, amenitumia mwenyewe nilipomwomba, bila kuniuliza ya nini. Nikimpeleka Bwana Mafua juu yake anasema "picha", kisha ananyamaza. Mkono wake naujua, mkavu, una sugu kidoleni anaposhikia kalamu, na hatua zake nazitambua ngazini. Sura haijaninyima usingizi. Ila sipendi mtaa mzima ujue kitu kuhusu mume wangu nisichokijua mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha mawingu yakoje na moto ukoje, na hujawahi kunidanganya. Mtazame vizuri, mchana, kwenye mwanga, halafu niandikie yukoje, yote, hata masikio. Wala usihofu kunivunja moyo. Juzi aliponiuliza kama imesema, nilikuwa nimejipanga kumwambia asubiri jibu lako, nikafungua mdomo, nikasema imesema, na ndiyo.

Mdogo wako akupendaye,

Kitinda mimba